Révérien na Kura za Kata ya Troyeville

Karatasi ya matokeo hubandikwa kwenye mlango wa ukumbi wa shule kabla wasimamizi hawajaondoka. Kwa miaka zaidi ya ishirini, mtu wa kwanza kuisoma alikuwa mtu asiyekuwemo kwenye daftari la wapiga kura. Révérien Nduwayo alikuwa mlinzi wa geti la shule hiyo, hapa Troyeville, mashariki mwa jiji la Johannesburg. Mimi ni fundi cherehani, Mkongomani wa Uvira, na mashine yangu iko ng'ambo ya barabara, inatazamana na geti lake. Kila asubuhi iliyofuata siku ya uchaguzi alivuka barabara akaja kunitajia matokeo kwa kichwa, chama kwa chama, na mwisho kura zilizoharibika. Hizo ndizo zilizomuuma.

"Mtu amepanga foleni saa tatu, Fundi," alikuwa akisema. "Halafu akaweka alama mahali siyo."

Kwao ni Muyinga, Burundi. Mwaka 1993 alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwalimu mpya kabisa, na kwa kuwa alikuwa na mwandiko mzuri walimfanya karani wa kituo cha kupigia kura. Mwezi ule wa Juni alipiga kura mara mbili, ya rais na ya wabunge. Hajapiga nyingine tangu hapo. Rais waliyemchagua hakumaliza miezi minne ikulu. Aliuawa Oktoba, na watu wakaanza kuuana. Mkuu wa kituo chao, mwalimu mwenzake, alikatwa mapanga mbele ya nyumba yake. Révérien alivuka mpaka kwa miguu hadi Ngara, Tanzania, akakaa kambini miaka saba. Kiswahili chake alikiokota huko, kwenye foleni za maharage. Mwaka 2000 yeye na mkewe Spéciose walianza kushuka nchi baada ya nchi mpaka wakafika hapa.

Kazi ya geti aliipata mwaka 2003, mwaka aliozaliwa binti yao wa pekee, Inès. Uchaguzi wake wa kwanza getini ulikuwa ule wa mwaka uliofuata. Nakumbuka foleni ilizunguka ukuta wa shule, ikapita mlango wangu, ikafika kwenye robot, ndivyo tunavyoita hapa taa za barabarani. Révérien alipiga pasi sare yake mara mbili. Adhuhuri alinijia akiwa hajala, macho yanang'aa.

"Umeona? Yule Mzungu wa ghorofani na yule mama anayefagia soko wako foleni moja, na hakuna anayemwangalia mwenziwe vibaya."

"Na wewe uko wapi?" nikamuuliza.

"Mimi nipo getini," akasema, kana kwamba hilo lilikuwa jibu.

Spéciose hakuwa na subira na mambo hayo. Alikuwa akiuza vitenge Bertrams, mtaa wa jirani, anatoka alfajiri na furushi kichwani, na siku za uchaguzi alimpitia mumewe getini akimcheka. "Baba Inès, unapiga pasi nguo kwa harusi usiyoalikwa."

Lakini mtu akitaka kujua historia ya kura za kata hii, haendi maktaba. Anamwendea Révérien. Mwaka 2006 chama kikubwa kilichukua udiwani kwa kishindo na diwani akawa nesi mstaafu, mama mnene, aliyemsalimia kwa jina lake lote bila kukosea. Mwaka 2011 wapinzani walikosa kiti kwa kura sitini na mbili. Wakala wao, mwanamume mzima mwenye mvi, alikaa kwenye ngazi za ukumbi akalia, na Révérien akampelekea chai. Mwaka 2016 wapinzani wakashinda kweli. Walicheza uwanjani mpaka madawati mawili yakavunjika, na kesho yake Révérien akayapigilia misumari mwenyewe kabla watoto hawajaingia darasani. Mwaka 2021 mambo yalibadilika. Kufikia saa sita mchana foleni ilikuwa imekwisha. Wasimamizi walikaa wakichezea simu. Révérien akawa anatoka nje ya geti, anaangalia barabara juu, anaangalia barabara chini.

"Watu wako wapi, Fundi?"

"Wamechoka."

"Wamechoka na nini? Wana kura!" Alikasirika kama vile nimemtukana.

Diwani aliyepatikana siku hiyo alichaguliwa na theluthi moja tu ya walioandikishwa. Révérien alilitaja jambo hilo kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa habari ya ugonjwa nyumbani kwake.

Nyuma ya shule, ghorofa ya chini katika jengo la matofali mekundu, alikuwa akiishi Gogo Thandekile. Gogo kwa Kizulu ni bibi. Alikuwa mjane, ameshazika watoto wake wawili, na sukari ilimfanya akatwe mguu wa kushoto mwaka 2010. Kutoka kwake mpaka getini ni mlima mfupi lakini mkali. Uchaguzi wa 2011 Révérien alimwona dirishani amevaa kofia yake ya kanisani, hana wa kumsukuma. Akaomba ruhusa ya dakika ishirini, akamleta kwa kiti cha magurudumu, Gogo akapiga kura, akamrudisha. Tangu hapo ikawa desturi. Pia alianza kumpeleka zahanati siku za dawa zilipoangukia mapumziko yake, na Jumapili Spéciose alimpelekea maharage. Gogo alimwita mwanangu. Si kwa kumtania. Alimwita hivyo hata mbele ya ndugu zake waliotoka Natal.

Kitu ambacho Révérien alikuwa akikingoja hakikuwa kura yake mwenyewe. Hilo alikuwa amelimaliza moyoni. Alikuwa akimngoja Inès. Mwanasheria mmoja wa bure alimwambia kwamba mtoto aliyezaliwa hapa na kukulia hapa, akitimiza miaka kumi na minane, anaweza kuomba uraia. Inès alitimiza Machi 2021. Uchaguzi wa madiwani ulikuwa Novemba. Révérien akapiga hesabu ya miezi akaona inatosha.

Haikutosha. Cheti cha kuzaliwa cha Inès kilikuwa cha kuandikwa kwa mkono, kama vya watoto wengi wa wakimbizi, hakina namba ya kitambulisho. Tena aliyekiandika alikosea herufi mbili katika jina la mama. Ofisi ya mambo ya ndani waliyokwenda ikawaambia hakuna fomu ya maombi ya namna hiyo. Mwanasheria akaandika barua. Baada ya miezi tisa wakaambiwa faili halionekani. Wakaanza upya. Mwaka 2024, uchaguzi mkuu ulipokaribia, waliitwa, na nilikwenda nao kwa sababu Révérien alitaka shahidi aliyemjua mtoto tangu yuko mgongoni.

Mama wa dirishani alifungua faili, akalifunga.

"Jina la mama halilingani. Leteni barua ya ubalozi wa Burundi inayothibitisha."

Révérien akainama karibu na kioo. "Mama, mimi ni mkimbizi. Nikiingia ubalozini, nyinyi wenyewe mnaninyang'anya ukimbizi. Mtasema nimerudi chini ya ulinzi wa serikali yangu."

"Basi usiende."

"Na barua?"

"Bila barua siwezi kuendelea. Anayefuata!"

Inès alikusanya karatasi zake. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, anasuka nywele saluni moja Mayfair, Kiswahili anakisikia chote lakini anajibu kwa Kiingereza au Kizulu. Tulipofika nje alimshika baba yake mkono. "Baba, haidhuru," akasema, na hilo alilisema kwa Kiswahili.

Siku ya uchaguzi ule Inès alipita getini asubuhi akienda kazini. Vijana aliosoma nao shule hiyohiyo walikuwa foleni, wakamwita kwa jina. "Inès, njoo, tutakupa nafasi!" Akawapungia mkono akaongeza mwendo. Révérien alikuwa ameshika geti. Nilimwona akigeuka kuangalia ukuta.

Kisha mwaka jana, mwezi wa Juni, diwani akafa kwa ugonjwa wa moyo. Ikabidi uitishwe uchaguzi mdogo, kiti kimoja tu, Jumatano moja ya Agosti. Vyama vikubwa viliweka watu wao wa kawaida. Lakini alijitokeza mgombea wa chama kipya, mtu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mzungumzaji mzuri, na yeye alikuwa na hoja moja. Zahanati imejaa wageni. Shule imejaa wageni. Hata geti la shule, alisema siku moja akiwa amesimama juu ya gari lake, hatua hamsini kutoka mlango wangu, hata geti la shule ya watoto wenu limeshikwa na mgeni, na vijana wenu wanakaa barazani.

Watu wakageuka kumtazama Révérien. Baadhi yao aliwafungulia geti hilo wakiwa darasa la kwanza. Alisimama wima, akasubiri mkutano uishe, akaokota chupa walizotupa.

Nilimwambia siku ya kura aumwe. "Baki nyumbani, Baba Inès. Mwache mwingine afungue."

"Nani atamleta Gogo?"

Asubuhi hiyo ilikuwa na baridi ya kukata masikio. Waliokuja walikuja mmojammoja. Révérien alisukuma wazee wanne mlima ule: Gogo kwanza, kisha mzee kipofu wa jengo lilelile, kisha akina mama wawili, wote watatu kwa kiti cha kuazima kwa Gogo. Wa mwisho alipokwisha kupiga kura, alimrudia Gogo, aliyekuwa anaota jua kwenye benchi la uani mwa shule na blanketi mapajani, dole gumba lina wino. Walishuka taratibu, yeye amejilaza nyuma ili kiti kisimponyoke. Yaliyosemwa njiani alinieleza mwenyewe, neno kwa neno, na Gogo naye hajayakana.

"Umepiga salama, Gogo?"

"Nimepiga. Leo nimebadilisha."

"Ni haki yako. Kura ni siri."

"Kwako sina siri. Nimempa yule wa duka." Kisha akaendelea kwa upole, kama mtu anayeeleza bei ya mkate. "Nakaa zahanati tangu saa kumi na moja alfajiri, mwanangu, na dawa zinaisha kabla sijafikiwa. Wapo wengi mno. Yeye amesema atawaondoa."

Révérien alikwepesha kiti kisiingie shimoni. "Gogo, ni sisi anaosema."

"Si wewe! Wewe ni mwanangu. Ni hao wengine."

Hakuachia kiti. Alimfikisha mlangoni, akafunga breki, akamwingiza ndani, akamwashia hita, akamwekea maji karibu. Halafu akarudi getini kumalizia zamu.

Alhamisi alivuka barabara kama kawaida. Alinitajia matokeo. Katika kituo chetu mtu wa duka alishinda kwa kura sita. Katika kata nzima, kwa tatu. Zilizoharibika zilikuwa kumi na moja. Aliposema tatu alikaa kwenye kigoda cha wateja.

"Kura moja ya bibi haimwondoi mtu," nikamwambia.

"Niliwasukuma wanne, Fundi."

"Hujui hao wengine walimpa nani."

"Sijui," akasema. "Wala sitawauliza. Ni siri yao."

Nikamuuliza swali ambalo sasa najuta kumuuliza. Kama angejua, angewaacha majumbani?

Aliokota kipande cha uzi sakafuni, akakiviringa kidoleni. Mwishowe akasema hapana, na nikaona kwamba hapana ile haikumpa fahari wala faraja yoyote. Ilikuwa kweli tu, na kweli hiyo haikuwa na faida kwake.

Diwani hana mamlaka ya kumfukuza mlinzi wa shule. Lakini wazazi waliitisha kikao, wakaandika barua, wakakusanya sahihi za kutaka aondolewe getini. Mwalimu mkuu alipambana kidogo. Mwezi wa Oktoba akamwita ofisini, akamwambia kwamba mkataba hautaongezwa, akalia yeye kabla ya Révérien. Walimu walimpa keki na saa ya ukutani. Miaka ishirini na miwili.

Wiki mbili baadaye Gogo alimtumia salamu kwamba siku yake ya dawa imefika na hana wa kumpeleka. Spéciose alisikia akatupa kijiko chini.

"Huendi."

"Ana mguu mmoja, Mama Inès."

"Na kidole gumba kimoja pia anacho, alikitumia!"

Alikwenda. Walipofika zahanati walikuta kundi la watu wamesimama mlangoni, wanawake kwa wanaume, wanadai vitambulisho kwa kila anayeingia. Hawakuwa polisi, hawakuwa wauguzi. Gogo alionyesha chake. Révérien akaulizwa chake.

"Huyu ni mwanangu," Gogo akasema.

"Gogo, hata jina lake huwezi kulitamka," mmoja wao akasema.

"Nalitamka!" Akalitamka, akalikosea, watu wakacheka. Mwanamke mmoja alishika kiti akaanza kumsukuma ndani, na mwanamume akamwekea Révérien kiganja kifuani, si kwa nguvu, akamwonyesha barabara.

Alivuka akasimama ng'ambo, karibu na robot. Alisimama hapo tangu saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana, kwa sababu alijua hakuna atakayemrudisha bibi yule nyumbani, na ndivyo ilivyokuwa. Waliomsukuma ndani walishasahau. Muuguzi alimtoa mpaka ukingo wa barabara akamwacha. Dawa ya sukari alipata nusu. Nyingine ilikuwa imekwisha, ingawa mgeni hata mmoja hakuingia siku ile.

Gogo alilia njia nzima. "Si wewe niliyemaanisha. Si wewe."

"Ndiyo, Gogo."

"Useme umenisamehe."

"Nimesema ndiyo, Gogo."

Révérien hakumpeleka tena. Hakukasirika wala hakumnunia, walihama tu. Kodi ya Troyeville haikulipika bila kazi ya geti. Binamu wa Spéciose, Didier, ana spaza huko Diepsloot, kaskazini mwa jiji, kibanda cha bati kinachouza mkate na vocha, na nyuma yake kuna chumba. Siku ya kuhama nilisaidia kufunga vyombo. Saa ya ukutani waliniachia mimi kwa sababu Didier hana ukuta wa kupigilia msumari. Sasa Gogo husukumwa na yeyote anayepatikana, na siku nyingi hapatikani mtu.

Inès alibaki nami, analala chumba cha binti zangu. Januari mwaka huu ilikuja barua ya mwisho kutoka kwenye ile ofisi. Ombi limekataliwa. Kwa kuwa amepita umri wa kutegemea karatasi za baba yake, aende akaombe ukimbizi kwa jina lake mwenyewe, kama raia wa Burundi. Nchi hiyo hajawahi kuiona.

Tulikwenda pamoja kwenye ofisi ya wakimbizi. Kijana wa mahojiano hakuwa mbaya. Alikuwa amechoka, na fomu ilikuwa na nafasi za kujazwa.

"Uliondoka Burundi kwa sababu gani?"

"Sijawahi kuwa Burundi."

"Lazima niandike sababu."

Inès akanitazama. Mimi huniita Tonton, yaani mjomba kwa Kifaransa. "Tonton, baba alikimbia nini?" Nikamweleza kwa kifupi ile habari ya mwaka 1993, kituo cha kura, mwalimu aliyekatwa mapanga. Nilishangaa kwamba hakuwa ameambiwa yote. Akaitafsiri kwa Kiingereza, sentensi kwa sentensi, na kijana akaandika kana kwamba yalimpata Inès mwenyewe.

"Tarehe uliyoingia Afrika Kusini?"

"Nimezaliwa hapa. Hospitali ipo kilomita tatu kutoka hapa."

"Fomu haikubali bila tarehe."

Inès akaitazama ile fomu. Kisha akamtajia siku yake ya kuzaliwa, kijana akaiandika kwenye nafasi ile, akapiga muhuri. Kibali ni cha miezi sita, halafu atarudi.

Jumapili tulimpelekea Révérien akione. Tulimkuta amekaa juu ya kreti nyuma ya kibanda, anapanga mikate. Alikisoma kibali chote, mbele na nyuma, polepole, kwa macho ya karani. Alipofika kwenye tarehe ya kuingia alisimamisha kidole.

"Hii siku nilikuwa zamu," akasema. "Mama yako alipelekwa hospitali na jirani." Akamrudishia Inès karatasi, akamwambia aitie kwenye plastiki isilowane.

Nikamwambia wanasema madiwani watachaguliwa tena karibuni, mwisho wa mwaka au mwanzoni mwa mwaka ujao. Nilidhani atauliza wagombea ni akina nani. Mteja aligonga dirishani akitaka nusu mkate, na Révérien akainuka kwenda kumhudumia.